Ndugu yako kashikwa kwa kesi ya uwekezaji wa mtandaoni: namna ya kumtafutia dhamana Malindi

Kesi hizi huanzia kwenye simu. Mtu wa Maweni au Muyeye anaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, anaambiwa aweke elfu tano kwenye programu ya simu avune elfu saba baada ya wiki, analipwa mara mbili tatu, naye anaanza kuwaita wengine: shangazi, jirani, mwalimu wa madrasa, wanachama wenzake wa chama. Kisha programu inakataa kufunguka. Aliyeianzisha hajulikani aliko, huenda hata hayuko Kenya. Aliyewaita watu, lakini, anajulikana kwa jina na mlango wake unajulikana. Huyo ndiye anayeshikwa kwanza.

Mwongozo huu ni wa jamaa za aliyeshikwa. Waliotapeliwa nao wana sehemu yao huku chini, maana kwa mji kama wetu mshtakiwa na mlalamishi mara nyingi hukutana tena kwenye harusi ile ile.

Jambo la kuelewa kabla ya kutoka nyumbani ni kwamba dhamana haiamui kama mtu ameiba au hakuiba. Hakimu siku hiyo anataka kujua: huyu akitoka, atarudi? Na akiwa nje, ataharibu kesi? Kila karatasi unayohangaikia iwe inajibu mojawapo ya maswali hayo. Familia nyingi huja na maelezo marefu kwamba kijana wao naye kapoteza laki mbili kwenye hiyo hiyo programu. Huenda ni kweli tupu, na ni utetezi wa maana siku kesi itakaposikilizwa. Siku ya dhamana, mkataba wa nyumba anayopanga utamsaidia zaidi.

1. Jua alipo, kashikwa na nani, kwa kosa gani

Nenda kituoni ukaulize mambo matatu: namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), jina la afisa anayechunguza, na kosa analoshukiwa nalo. Usitosheke na jibu la "ni mambo ya utapeli." Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwasiliana na wakili.

Uliza pia kesi imefunguliwa wapi. Pesa za mtandaoni hutoka kila pembe, kwa hiyo maafisa wanaweza kuja kutoka Mombasa au Nairobi wakamlaza kituo cha Malindi usiku mmoja tu, kesho wakaondoka naye. Ukijua mapema anapelekwa mahakama gani, utajua kama mdhamini wako ajiandae kwenda mahakama ya hapa mjini au apande basi.

Kosa lenyewe lina uzito wake kwenye dhamana. Kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Akishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ulaghai wa kompyuta hufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Utakatishaji wa pesa, yaani kuficha zilikotoka pesa haramu, hufika miaka 14. Adhabu ikiwa kubwa, upande wa mashtaka hupata nguvu ya kusema kwamba mtu ana sababu ya kukimbia. Yote haya bado yana dhamana. Hakuna kosa nchini Kenya ambalo Katiba imelifungia mlango wa dhamana moja kwa moja. Kinachoweza kumnyima ni "sababu nzito" ambazo upande wa mashtaka lazima uzionyeshe.

Jambo la mwisho hapa, na ndilo linaloharibu kesi nyingi: msiguse simu yake. Msifute ujumbe, msivunje grupu, msimwambie binamu aliyebaki kuwa admini awatoe watu. Msibadilishe laini. Mkifanya hivyo mnampa mpelelezi hoja ambayo hakuwa nayo, kwamba akiachiliwa ushahidi utapotea. Hata ujumbe uliofutwa kwenu umebaki kwenye simu za wenzenu.

2. Bondi ya kituoni

Watu wengi hawajui kwamba dhamana inaweza kuishia kituoni. Makosa ambayo polisi hawaruhusiwi kuyatolea dhamana ni kama mauaji, uhaini na wizi wa mabavu, utapeli haumo. Mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa bondi, yaani ahadi ya maandishi, arudi tarehe fulani. Bondi ya polisi ni bure. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, lazima upewe risiti rasmi hapo hapo. Bila risiti hujalipa dhamana, umetoa pesa.

Kusema kweli, kwa kesi zenye walalamishi wengi vituo husita, hasa kukiwa na umati umejaa nje. Omba tu, kwa adabu, na kama kuna wakili aombe yeye.

Asipoachiliwa, lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha mahakama imefungwa, huhesabiwa hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana anayeshikwa Ijumaa alasiri hujikuta kalala ndani mpaka Jumatatu, na Idi ikiangukia hapo ni siku nyingine zaidi. Msikasirike na askari wa zamu. Itumieni wikendi hiyo kukusanya karatasi.

Wakati mwingine siku ya kwanza mahakamani hasomewi mashtaka. Afisa huja na ombi la kuongezewa siku za uchunguzi. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 36A, inamruhusu hakimu kutoa hadi siku 30, na zikiongezwa tena zote kwa jumla zisipite 90. Ombi hili hupingwa, na hapa ndipo wakili hula ada yake kihalali. Sababu inayotolewa kila mara ni kwamba taarifa za M-Pesa na za benki hazijapatikana. Jibu lake ni rahisi: taarifa za M-Pesa ziko kwa kampuni ya simu, simu yake iko mikononi mwa polisi, akaunti zinaweza kufungwa kwa amri ya mahakama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji yeye alale seli. Ajitolee kuripoti kwa mpelelezi kila asubuhi. Kama siku lazima zitolewe, ziombwe chache.

3. Karatasi za kuonyesha kwamba ana kwao

Kifungu cha 123A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinataja mambo ambayo mahakama huangalia: uzito wa kosa, tabia na historia ya mshtakiwa, mahusiano yake na jamii anamoishi, kama aliwahi kupewa dhamana akaitimiza, na nguvu ya ushahidi. La mahusiano ndilo mnaloweza kulifanyia kazi nyinyi wenyewe.

Tafuteni barua ya chifu inayotaja kijiji, si "Malindi" tu. Mkataba wa nyumba au risiti za kodi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo. Barua ya mwajiri, au ya chama cha bodaboda, au ya BMU (kamati ya ufuo ya wavuvi) kama ni mvuvi. Kama anaumwa na ana dawa za kila siku, kadi ya kliniki. Na kama ana pasipoti, ileteni. Kuitoa kabla ya kuombwa kuna uzito kuliko kunyang'anywa.

Hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kuamua. Afisa huyu atapiga simu, atafika mtaani, ataongea na mzee wa Nyumba Kumi na pengine na waliopoteza pesa. Mwelezeni ukweli. Kama kijana alihama Barani akaenda Watamu baada ya programu kufa kwa sababu watu walimtishia, semeni hivyo. Mkificha na yeye akagundua, kuhama kwa hofu kutaandikwa kuwa ni kutoroka.

4. Mdhamini

Hapa ndipo familia za pwani hukwama, na si kwa kukosa mali.

Amri ya kawaida husomeka hivi: bondi ya shilingi laki tano na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho, au dhamana mbadala ya pesa taslimu laki mbili. Mdhamini halipi kitu siku hiyo. Anaahidi kwamba mshtakiwa atafika, na asipofika, mali aliyoiweka inaweza kuchukuliwa. Kwa kawaida huweka hati miliki ya ardhi pamoja na cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, kinachoonyesha mwenye ardhi na kama ina deni, na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Au logibuku ya gari, nayo iwe na upekuzi na tathmini yake. Aje na kitambulisho, PIN ya KRA, picha za pasipoti. Mwenye mshahara anaweza kukubaliwa kwa payslip na barua ya kazi, kutegemea kiasi na hakimu.

Sasa angalia hali yetu. Mzee ana nyumba ya mawe yenye vyumba sita hapo Shella, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na yeye humlipa kodi ya ardhi. Hii nyumba bila ardhi ni kawaida kwetu toka mababu, ila haina hati miliki ya kuwekwa mezani. Mwingine ana ekari nne Marafa, hati bado ina jina la babu aliyekufa. Mpaka mirathi iamuliwe, ardhi hiyo haimdhamini mtu. Mwingine hati anayo na jina ni lake, lakini upekuzi unaonyesha aliiweka benki akachukua mkopo. Yote haya yajue kabla hujamleta mzee wa watu mahakamani kwa tuk-tuk. Fanyeni upekuzi kwanza. Na kama hati ina majina mawili, wote wawili wakubali.

Ndiyo sababu wakili aombe mapema kwamba mkipewa bondi, muwekewe na pesa taslimu mbadala. Au aombe wadhamini wawili wa kiasi kidogo badala ya mmoja wa kiasi kikubwa. Ni rahisi kupata mwalimu na muuguzi wenye payslip kuliko kupata shamba moja safi.

Mdhamini huhojiwa. Mwandaeni, lakini msimfundishe uongo. Huwa hivi:

"Mshtakiwa ni nani kwako?"

"Ni mpwa wangu, mheshimiwa. Mwana wa dada yangu."

"Anaishi wapi?"

"Barani."

"Barani sehemu gani?"

Mjomba anayeishi Mambrui, ambaye mara ya mwisho kufika Barani ilikuwa arusini, hunyamaza hapa. Na hakimu huandika.

"Ameshtakiwa kwa nini?"

"Wanasema alichukua pesa za watu kwa simu."

"Akitoroka, wajua itakuwaje?"

"Shamba langu litachukuliwa."

"Na bado wataka kumdhamini?"

Mwenye jibu la swali la mwisho awe amelitafakari nyumbani, na mkewe naye awe anajua. Kama mjomba hawezi kumpata kijana kwa simu siku yoyote ya wiki, tafuteni mdhamini mwingine.

Kuna watu huzunguka karibu na mahakama wakijitolea kukodisha hati. Waepukeni. Hati hizo mara nyingi ni za kughushi au zimeshawekwa kwenye kesi nyingine, na zikigunduliwa mnarudi rumande mkiwa na kosa jipya.

5. Siku ya kuomba

Atasomewa mashtaka, atakana au kukiri, kisha dhamana itaombwa. Upande wa mashtaka ukipinga, ulete hati ya kiapo yenye sababu, si maneno matupu. Pingamizi za kesi za mtandaoni huwa zile zile. Kwamba ana laini nyingi. Kwamba pesa zimegeuzwa sarafu za kidijitali, na mwenye nywila anaweza kuzihamisha akiwa popote. Kwamba atawatisha walalamishi. Kwamba hasira ya watu ni kubwa, na ni salama zaidi akikaa ndani.

Hiyo ya sarafu za kidijitali ndiyo ya kuchukulia kwa uzito, kwa sababu ina mantiki. Kama kweli aliwahi kushika pochi ya aina hiyo, wakili azungumze naye faragha kuhusu masharti anayoweza kuyakubali: kutotumia akaunti fulani, kutotangaza uwekezaji wowote, kukabidhi vifaa, kutotoka kaunti bila idhini, kutowasiliana na mashahidi. Mashahidi wakiwa ni shangazi na jirani, sharti la kutowasiliana lielezwe wazi, la sivyo ataonekana amelivunja kwa salamu ya msikitini. Anaweza pia kupendekeza kuishi kwa jamaa mbali na walalamishi, kwa mfano Kilifi mjini. Hilo linajibu hoja ya usalama wake bila kumweka gerezani.

Kiasi nacho huzua ubishi. Utasikia ikiombwa kiasi kilingane na pesa zilizopotea: wametapeliwa milioni nne, basi na dhamana iwe milioni nne. Sheria inasema kiasi kizingatie hali ya kesi na kisiwe cha kupita kiasi, na mwongozo wa mahakama wa 2015 kuhusu dhamana unasisitiza hivyo. Dhamana hailipi waliopoteza. Mtu wa bodaboda akipewa pesa taslimu laki tano, ni sawa na kunyimwa, na wakili aseme hivyo akiwa na rekodi za kipato mkononi.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Anaweza pia kujisemea mwenyewe, kwa Kiswahili. Mahakimu wa hapa wamezoea.

6. Kulipa na kumtoa

Lipeni kwa namba ya malipo mtakayopewa na ofisi ya mahakama kwa faili hilo, kisha muihifadhi risiti. Asilipe mtu kwa simu ya karani wala ya "afisa wa kesi" anayepiga usiku akitaka elfu ishirini ili faili lisogee. Familia iliyochanganyikiwa ni mawindo mazuri, na matapeli wanajua nani kashikwa kwa sababu picha zake zimejaa Facebook.

Pesa zitoke wapi? Zisitoke kwenye akaunti zilizotumika kukusanya pesa za watu. Kama mmechanga, wekeni orodha ya waliotoa na kiasi. Kwenye kesi yenye harufu ya utakatishaji wa pesa, mnaweza kuulizwa.

Jina litakaloandikwa kwenye risiti ndilo litakalorudishiwa. Amueni hilo kabla, maana ugomvi wa mwisho wa kesi huanzia hapo.

Amri ikitoka asubuhi, msilale. Mdhamini ahojiwe, karatasi zikaguliwe, barua ya kuachiliwa iandikwe na ifike mikononi mwa walinzi kabla basi la magereza halijaondoka. Mkichelewa analala gereza la Malindi. Kwa wa Lamu ni zaidi: mahabusu hupelekwa Hindi, bara, kwa hiyo mdhamini wa Faza au Kizingitini afike Lamu jana yake, asitegemee boti ya asubuhi wakati maji yamekupwa.

7. Akishatoka

Mara nyingine hukamatwa tena pale pale kwenye geti. Mlalamishi wa kaunti nyingine naye alikuwa amepiga ripoti. Ili kupunguza hilo, wakili aulize mbele ya hakimu kama kuna mashtaka mengine yanayosubiriwa, na aombe yote yanayotokana na mradi ule ule yaletwe pamoja.

Tarehe za kutajwa kwa kesi ziandikwe ukutani. Asipofika bila sababu, hati ya kumkamata hutolewa na mdhamini huitwa aeleze kwa nini mali yake isichukuliwe. Kama ni ugonjwa, barua ya hospitali ifike siku hiyo hiyo. Mdhamini akiona dalili za kijana kutaka kukimbia, ana haki ya kwenda mahakamani kuomba aondolewe kwenye udhamini kabla kijana hajapotea.

Kama wewe ndiye uliyetapeliwa

Kumwona nje si ushindi wake, na kesi haijafa. Una haki ya kusikilizwa: Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wako na wa familia yako uzingatiwe masharti ya dhamana yakipangwa. Zungumza na kiongozi wa mashtaka kabla ya siku hiyo, umpe vitu anavyoweza kuvitumia: picha za skrini zenye tarehe, ujumbe wa vitisho, ushahidi kwamba mshtakiwa bado anaita watu kwenye mradi mpya. Huo wa mwisho ni mzito kuliko machozi ya watu hamsini. Akivunja masharti akiwa nje, ripoti kwa mpelelezi; dhamana inaweza kufutwa. Na akija jamaa yake usiku na bahasha akitaka uondoe kesi, mwelekeze kwa kiongozi wa mashtaka. Kesi haiondolewi barazani kwako. Mahakama lazima iridhie.

Dhamana ikikataliwa, na kesi ikiisha

Ikikataliwa, au ikiwekwa juu mno, Mahakama Kuu ina uwezo chini ya kifungu cha 123 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kuagiza dhamana itolewe au ipunguzwe, nayo ipo hapa hapa Malindi. Ombi huenda na hati ya kiapo na nakala ya uamuzi unaopingwa. Mnaweza pia kurudi kwa hakimu yule yule hali ikibadilika: uchunguzi umekamilika, mashahidi muhimu wameshatoa ushahidi.

Kesi ikiisha, ameachiliwa huru au amefungwa, pesa taslimu hurudishwa kama masharti hayakuvunjwa. Aliyelipa apeleke risiti ya asili, kitambulisho na namba ya akaunti ya benki. Mwenye hati miliki naye aombe arudishiwe hati yake, na kama zuio liliwekwa kwenye sajili ya ardhi, achukue amri ya kuliondoa aipeleke mwenyewe ofisi ya ardhi, kisha afanye upekuzi mwingine kuhakikisha limetoka.